Nani Atuchagulie Hadithi?

Mwaka 2012 Bibi Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyesifika kwa hadithi zake za sayari za mbali na za visiwa visivyomo katika ramani yoyote, alitoa juzuu mbili zilizoitwa The Unreal and the Real. Wakati huo alikwisha pita umri wa miaka 80, na hadithi fupi alizokwisha kuandika zilizidi mia moja. Katika wingi huo alichagua kwa mkono wake mwenyewe zile alizotaka zibaki mbele ya wasomaji. Bibi huyo alifariki dunia mjini Portland mwezi wa Januari 2018, na hapana awezaye tena kumwuliza kwa nini aliichukua hii akaiacha ile. Hata hivyo, kubishana na uteuzi wake hatukukatazwa, na leo twakusudia kubishana nao.

Huenda wakubwa wetu maofisini wakauliza mambo haya yawahusu nini. Yawahusu, kwa sababu wao ndio wanaoamua vitabu gani vinunuliwe na vipi viachwe, na kila orodha ya vitabu ni hukumu. Zamani hukumu hiyo ilitolewa na wengine kwa niaba yetu. Mwaka 1929 kilitoka kwa Kiswahili kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya ajabu ya Waingereza wanaopenya Afrika kutafuta almasi, na vijana wengi wa zamani wakajifunza kusoma humo. Kilikuwa kitabu cha kusisimua, hatukatai. Lakini Mwafrika humo ni mchukuzi, au mpiganaji hodari, au mchawi wa kutisha, na hatujui kama watu wetu wangalikichagua lau wangaliulizwa.

Wala asije mtu akatuambia kwamba hadithi za namna hii ni upuuzi wa kitoto usioelekea utamaduni wetu. Shaaban Robert aliijenga nchi ya Kusadikika angani, akaitia mahakama, mshitakiwa na washauri wa mfalme, na kila aliyesoma alifahamu kwamba mambo yale yako ardhini. Bibi Le Guin alifanya kazi iyo hiyo kwa njia yake. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila na lugha za wenyeji wa asili wa California, na binti akakua akisikia habari za mataifa yaliyokaribia kufutwa. Alipoanza kubuni nchi zake, hakuzijaza watu wanaofanana naye. Funguvisiwa lake la Earthsea, ambalo alilichora kwanza katika ramani kabla ya kuandika riwaya yake ya mwaka 1968, lina watu wengi wenye rangi ya kahawia, wekundu wa shaba na weusi, ilhali weupe ndio maharamia wanaokuja kuvamia. Mwaka 2004 watengenezaji wa filamu ya televisheni walipompa shujaa wake sura ya kizungu, mwandishi alilalamika hadharani kwa maneno makali. Twaona alikuwa na haki.

Katika hadithi za funguvisiwa hilo tungeanza na ile fupi iitwayo Kanuni ya Majina, ya mwaka 1964, ambayo hata yeye aliiweka katika uteuzi wake. Katika kisiwa kidogo anaishi mganga mmoja mnene, mwoga, ambaye dawa zake hazifai kitu. Siku moja mashua inamleta mgeni mwenye ndevu nyeusi, aitafutaye hazina ya ukoo wake. Mgeni anadhani kwamba mganga yule ni mchawi aliyeiiba hazina hiyo, na kwa kuwa analijua jina lake la kweli, anaamini kwamba amemtia mkononi. Analitamka. Kumbe mganga yule ni joka lililojigeuza, na jina la kweli humweka mtu katika umbo lake la kweli, na umbo hilo ni kubwa kuliko mgeni alivyokadiria. Huo ndio mwisho wa mgeni. Twaipenda hadithi hii kwa ucheshi wake, na kwa sababu visiwani tumepokea wageni wengi waliolijua kila jina la tatizo letu.

Hadithi inayotajwa kuliko zote ni ile ya mji wa Omelas, ya mwaka 1973, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Mji huo una raha, sherehe na haki, ila raha yote imefungwa kwa sharti moja: mtoto mmoja lazima akae gizani chini ya nyumba, katika uchafu na njaa, na kila raia akikua huonyeshwa mtoto huyo. Walio wengi hulia, kisha huzoea. Wachache huondoka mjini kimya kimya, wasirudi tena. Ni hadithi inayopasa kusomwa na kila anayeandika mpango ambamo watu wachache waambiwa wahame, au wavumilie, kwa faida ya wengi. Lakini sisi hatuiweki ya kwanza. Waondokao Omelas hupita langoni wakashika njia ya milimani kwa miguu yao. Kisiwani mtu haondoki kwa miguu. Na hata akipata chombo, mtoto yuko pale pale. Mwandishi mwenziwe, Bibi N. K. Jemisin, alimjibu mwaka 2018 kwa hadithi ya watu wanaobaki mjini wakapambana. Hadithi hizo mbili zafaa zisomwe pamoja.

Ya kwanza kwetu ni ile ambayo Bibi Le Guin hakuiweka kabisa katika juzuu zake za 2012. Ilipochapwa mara ya kwanza mwaka 1970 ilipewa jina la Mwisho. Katika mkusanyo wa 1975 yeye akaiita Vitu. Ni habari ya kijiji cha pwani ambacho watu wake wameamini kwamba dunia inakwisha. Wengine wamejifungia kulia. Wengine wameshika mienge, wanachoma mashamba na kuchinja mifugo, ili vitu vyote viishe kabla ya wenyewe kuisha. Fundi mmoja wa matofali, jina lake Lif, hana mnunuzi tena, na vitu alivyonavyo ni matofali basi. Hataki kulia wala kuchoma. Amesikia kwamba ng'ambo ya bahari kuna visiwa. Basi anayachukua matofali yake, mzigo baada ya mzigo, anayatosa baharini na kuyapanga chini ya maji, yawe njia. Hajui kina cha bahari, na anajua kwamba matofali hayatoshi. Mwishowe anaingia majini yeye na mjane mmoja na mtoto mchanga wa mjane huyo, wakikanyaga njia isiyoonekana, mpaka ncha yake. Hapo waona tanga jeupe, na wasikia sauti za watu wakiwaita wapande, waende nao visiwani.

Wahakiki wamejadiliana kama tanga lile ni la kweli au ni ndoto ya watu wanaozama. Msomaji wa bara ana haki ya kuuliza hivyo, kwa kuwa yeye amesimama ufukweni pamoja na Lif. Sisi twaisoma kutoka upande wa pili. Visiwa vile ni kwetu, na waliomo chomboni ni sisi. Swali linalotukabili ni kama tanga lilitwekwa kwa wakati, na kama kuna aliyekuwa macho. Mwandishi hakuandika neno lolote juu ya wavuvi wa chombo kile, nasi twasikitika kwamba hadithi inayomfaa mtu wa kisiwani kuliko zote ndiyo aliyoiacha nje.

Aliiacha pia ile ya mwaka 1974 inayomhusu Odo, mwanamapinduzi aliyezeeka, aliyepooza upande mmoja, anayeona vijana wakilitukuza jina lake huku yeye akifikiria miguu yake. Hatuhitaji kueleza kwa nini ingesomwa kwa makini Unguja na Pemba.

Kwa hiyo ombi letu kwa wanaosimamia vitabu vya skuli na maktaba ni dogo. Mwalimu Nyerere alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na 1969, huku akiongoza nchi. Waalikwe walimu wetu wa Kiswahili, waombe idhini kwa wenye haki za mwandishi, watafsiri hadithi nne tu: Vitu, Kanuni ya Majina, ya Omelas na ya Odo. Zote nne zitaingia katika kijitabu kimoja chembamba, na Vitu iwe ya kwanza.