Mashini ikikwama, ipimwe kwanza kabla ya kutafuta ingine

Mjini Goma, Bukavu ama Uvira, kijana akipeleka kompyuta yake kwa fundi na kueleza kwamba mchezo wa video unakwamakwama, kuna jibu moja linalotolewa haraka mno: mashini imechoka, leta pesa ibadilishwe kadi ya grafiki. Jibu hilo linaumiza watu. Familia iliyokimbia vita na kubaki na kompyuta moja haiwezi kutoa dola kwa kubahatisha. Tena kwenye kompyuta nyingi za mkononi kadi hiyo imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Kusema ibadilishwe ni sawa na kusema inunuliwe mashini nyingine.

Wazazi wengine watauliza: katika siku hizi za vita na njaa, michezo ya video ina maana gani? Swali lina haki yake. Lakini mwenye nyumba ya michezo anayelipisha vijana kwa kila mechi analisha watoto wake kwa mashini hizo. Mchezo ukisimama mbele ya goli, mteja anadai pesa yake na kwenda kwa jirani. Na mashini inayokwama leo kwenye mchezo kwa sababu ya joto ama chaja mbovu, ndiyo itakayokwama kesho mwanafunzi akiandika kazi yake ya mwisho wa masomo.

Kosa linaanzia kwenye hesabu. Wauzaji na vijana hupenda kutaja fremu ngapi kwa sekunde, yaani picha ngapi mashini inachora katika sekunde moja. Kwa fremu 60, kila moja inapaswa kutoka baada ya milisekunde 16,7 hivi. Lakini chukua mfano huu: fremu 59 zimetoka upesi, kila moja kwa milisekunde 12,7, na fremu moja imechukua milisekunde 250. Sekunde hiyo bado ina fremu 60. Kipimo kinasema mambo ni mazuri, kumbe jicho limeona mchezaji amesimama kwa robo ya sekunde na mpira umeshapita.

Mwaka 2011, Scott Wasson wa tovuti ya Tech Report, Marekani, alionyesha kwamba hesabu ya sekunde nzima inaficha jambo hilo, akaanza kupima muda wa kila fremu. Wapimaji wengi wamefuata njia hiyo. Leo programu ya bure kama PresentMon ya Intel inaandika muda wa kila fremu, na fundi yeyote anaweza kuibeba kwenye flashi yake. Fundi anayeuza kadi bila kupima anafanana na muuza dawa anayetoa sindano bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Kukwama kuna dalili zake, na dalili zinaongea. Kwanza intaneti itengwe na mashini. Mchezo uchezwe bila intaneti kabisa. Kama kukwama kunaisha, basi ugonjwa uko kwenye mtandao, na kadi mpya haitaponya kitu.

Kama mchezo unaenda vizuri dakika kumi ama ishirini, kiisha unaanza kusuasua, joto lishukiwe. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100, nyingi hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Kwenye mitaa yenye vumbi la mawe ya volkano, feni hujaa upesi. Kompyuta ikiwekwa juu ya blanketi, pumzi yake inazibwa. Dawa ni brashi, kubadilisha pasta ya joto, na ubao mgumu chini ya mashini.

Kama mwendo ni mbaya tangu mwanzo, chaja iangaliwe. Jambo hili linagusa sana waliokimbia, kwa maana wengi waliacha chaja ya asili nyuma na kununua yoyote iliyoingia kwenye tundu. Kompyuta nyingi za mkononi zikikuta chaja dhaifu ama isiyotambulika hupunguza nguvu ya prosesa. Kucheza kwa betri pekee kunaleta hali hiyo hiyo. Chaja ya wati zinazotakiwa ina bei ndogo kuliko kompyuta.

Kama mashini inakwama kila ikiingia eneo jipya la mchezo, diski na memori zichunguzwe. Diski ya zamani ya kuzunguka ni ya polepole, na memori ya RAM ikijaa mashini huanza kukopa nafasi kwenye diski hiyo hiyo. Kufunga kivinjari na kushusha ubora wa picha kunaweza kutosha. Isipotosha, hapo ndipo SSD ama kipande cha pili cha RAM kina maana.

Kama kukwama kunarudi kwa vipindi, kuna kitu kingine kinachofanya kazi nyuma ya mchezo. Inaweza kuwa Windows inajisasisha, na hapo mega za intaneti nazo zinaliwa; kuandikisha muunganisho kuwa wa kipimo kunapunguza hasara zote mbili. Inaweza pia kuwa virusi. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza juu ya Crackonosh, virusi vilivyofichwa ndani ya michezo ya wizi ili kuchimba sarafu za kidijitali kwa kompyuta za wengine. Avast ilihesabu mashini zaidi ya 222.000 zilizoambukizwa duniani. Wanaonakiliana michezo kwa flashi wanapaswa kulijua hilo: mchezo wa bure unaweza kulipwa kwa umeme na mwendo wa mashini.

Mwishoni kuna kukwama ambako si kosa la mwenye mashini. Mlipuko wa kwanza unasimamisha picha, wa pili unapita vizuri. Hapo mchezo unatafsiri maagizo ya kuchora, yanayoitwa sheda, wakati mtu tayari anacheza. Elden Ring, ulipotoka Februari 2022, ulikwama hata kwa wenye kompyuta zenye nguvu. Watengenezaji wa michezo ndio wanaopaswa kulaumiwa, na kazi yao ni kuandaa sheda kabla mechi haijaanza. Mchezo ukionyesha kwamba unaandaa sheda, mchezaji asubiri umalize. Na baada ya kusasisha draiva, kukwama kidogo siku ya kwanza ni jambo la kawaida.

Ni kweli kuna mashini zilizoshindwa. Kompyuta yenye GB 4 za RAM haitabeba michezo mipya, na fundi mwaminifu aseme hivyo. Hata hapo kuna nafuu ya bure: kushusha ukubwa wa picha na kufunga mwendo kwenye fremu 30. Fremu 30 zinazotoka kwa mwendo sawa, kila moja kwa milisekunde 33,3, zinapendeza macho kuliko 55 zinazorukaruka.

Kinachotakiwa kwa mafundi si kikubwa. Wapime mahali pamoja pa mchezo kwa dakika tano, wabadilishe kitu kimoja tu, wapime tena, waandike namba za kabla na baada. Wakibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hawatajua kilichoponya. Kazi hiyo ya kupima walipwe, kwa sababu ni kazi. Nao wenye mashini wawe na swali moja kabla ya kutoa pesa: umepima nini? Fundi asiye na jibu asipewe dola hata moja ya kununua kadi, maana kwa nyumba iliyokimbia, dola hiyo ni unga wa watoto.