Kulegeza Sheria ya Silaha Si Kinga ya Ukambani

Kila mifugo kutoka Tana River na Garissa inapovuka mpaka wa Kitui kuingia Tseikuru, Ngomeni au Mutha, na kila mkulima anapouawa akitetea shamba lake la pojo, hoja ileile huibuka: sheria ya silaha ilegezwe, raia mwema apewe bunduki yake. Hata huku Malili, Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa, wapo wanaoiona hoja hiyo kuwa ya haki. Uchungu unaoizaa ni wa haki kweli. Serikali inayofika baada ya maziko haiwezi kuwalaumu wafiwa kwa kutafuta njia yao wenyewe. Hata hivyo, wanachokiomba hakitawalinda.

Sheria yenyewe, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ipo tangu enzi za mkoloni, na haimkatazi raia kumiliki bunduki. Inamtaka aombe cheti, aeleze sababu ya kutosha, awe mtu timamu mwenye mwenendo wa kiasi, na aitunze silaha mahali salama. Basi wanaotaka ilegezwe watuambie wanafuta sharti lipi. Je, ni lile la akili timamu? Au lile la kuitunza silaha mahali salama? Fikirini boma la kawaida la Mutha: nyumba ya matofali, mlango wa mbao, kufuli moja, na baba yuko Nairobi kibaruani. Bunduki iliyofichwa chini ya kitanda humo itakuwa ndiyo mali ya kwanza kusakwa na mvamizi, kabla hata ya ng'ombe. Makadirio ya watafiti wa silaha wa Small Arms Survey ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Bunduki ya mvamizi haikupitia dirisha la leseni. Kulipanua dirisha hilo hakutamnyang'anya.

Wapo wanaotukumbusha shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye silaha waliingia kuokoa watu. Ni kweli, na wanastahili heshima. Lakini wengi wao walikuwa watu wenye leseni na mazoezi, waliozipata silaha zao chini ya sheria hiihii tunayoambiwa ni kikwazo.

Hoja nzito zaidi inahusu askari wa akiba wa polisi, yaani raia wanaopewa silaha kulinda vijiji vyao. Kaskazini mwa Bonde la Ufa walipewa bunduki kwa miaka mingi, bila mshahara na bila usimamizi wa kutosha, na baadhi ya silaha hizo zikaishia katika wizi wa mifugo. Mwaka 2019 serikali ikazitwaa, na vijiji vingi vikabaki wazi mbele ya majangili. Baadaye ikalazimika kuwarudisha askari hao. Kwa hiyo kugawa silaha kiholela kulishindwa, na kuzikusanya bila kuweka mlinzi mwingine kulishindwa vilevile. Kilichokosekana mara zote mbili ni askari mwenyeji aliyechujwa, akafunzwa, akalipwa, ambaye bunduki yake ina namba kwenye daftari la kituo na kamanda wa kuiulizia.

Enyi wabunge wa Kitui na Makueni, msitumie nguvu zenu kuomba sheria ilegezwe. Daini bajeti ya askari wa akiba, vituo vya polisi mpakani, na mikataba ya malisho na majirani zetu kabla ya kiangazi kijacho.