Karakana za Shule Zisingoje Meli

Ndani ya kila redio, simu na kompyuta mna kibao chembamba chenye njia za shaba za kupitishia umeme. Kibao hicho huitwa bodi ya saketi. Mwaka 1936, mjini London, mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna, aliunda redio yenye bodi ya namna hiyo, ilhali kiwanda hakuwa nacho.

Mfano huo wafaa kukumbukwa sasa. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari nchini Tanzania. Mkondo huo hautakuwa na maana iwapo masomo ya vitendo yataishia ubaoni, karakana zikingoja mitambo kutoka ng'ambo.

Kutengeneza bodi hakuhitaji mtambo mkubwa. Kibao hununuliwa kikiwa kimefunikwa shaba, mara nyingi yenye unene wa milimita 0.035. Njia zinazotakiwa huwekewa kinga, na shaba iliyosalia huliwa na maji ya kloridi ya feri. Birika jembamba la plastiki na pampu ndogo ya hewa, kama ile ya tangi la samaki wa mapambo, vyatosha kwa kazi hiyo. Viputo huikoroga dawa, na shaba ikaliwa kwa usawa. Sanduku la mbao lenye taa za miale ya urujuanimno na kioo juu yake hutumika kuhamishia mchoro kwenye kibao. Mwanafunzi aliyeviunda vyombo hivyo amejifunza useremala, umeme na kemia kwa pamoja. Tena vikiharibika, ataweza kuvitengeneza.

Wako watakaosema kuwa bodi za kiwandani huagizwa kwa bei nafuu na ni bora zaidi. Hilo ni kweli, hasa kwa bodi zenye tabaka nyingi. Lakini lengo la shule si kupata bodi, bali ni kupata mafundi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata hivyo, kujitegemea si kujihatarisha. Kloridi ya feri hula metali na huunguza macho. Miale ya urujuanimno nayo hudhuru macho. Miwani na glavu si anasa. Dawa iliyokwisha kutumika ina shaba inayoua samaki, hivyo ni marufuku kuimwaga mtaroni. Yapasa ihifadhiwe katika chombo cha plastiki na kukabidhiwa kwa wahusika wa taka za sumu.

Wajibu uko wazi. Mwalimu aandae mchoro na kusimamia usalama. Mtumishi mwenye dhamana ya fedha aidhinishe mapema gharama ya mbao, taa, pampu na miwani. Si haki faili la maombi ya mtambo wa kigeni lilale mezani mwaka mzima, na vijana wamalize shule bila kuunda hata bodi moja kwa mikono yao.