Mkono Uliompangia Basie Muziki
Na Mwanaidi Shekue

Mtajie mpenzi wa jazi jina la Count Basie, mazungumzo yatafika usiku. Mtajie Eddie Durham, wengi watakuuliza ni nani huyo. Jambo hilo linaniuma, maana sehemu kubwa ya sauti tunayoisifia kwa Basie ilipita kwanza kwenye kalamu ya Durham.

Alizaliwa San Marcos, Texas, mwaka 1906. Alipiga gita, akapuliza tromboni, na zaidi ya hayo alijua kuandika muziki. Mwaka 1929 alikuwa katika bendi ya Bennie Moten ya Kansas City, na Basie naye akaingia humo akiwa mpiga piano kijana, mwenye mawazo tele asiyeweza kuyaandika. Basi Basie alipiga, Durham akaandika: tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zijibu nini, tromboni zinyamaze lini. Basie alipopata bendi yake mwenyewe alimchukua Durham mwaka 1937, na humo zikatoka "Topsy" na "Swinging the Blues".

Kati ya bendi ya Moten na ya Basie alikuwa katika bendi ya Jimmie Lunceford, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Katika bendi kubwa za wakati ule gita lilimezwa na wapulizaji. Kazi yake ilikuwa kushikilia mapigo tu. Durham hakuridhika. Alipata gita lenye sahani ya chuma ndani, na zamu yake ya solo ilipofika Lunceford alimsogezea maikrofoni. "Hittin' the Bottle" ya mwaka 1935 ni miongoni mwa rekodi za kwanza za jazi ambamo sauti ya gita imekuzwa hivyo. Machi 1938 akaenda mbele zaidi. Wanamuziki watano wa Basie waliingia studio bila Basie, bila piano kabisa: Freddie Green kwenye gita la ridhimu, Durham kwenye solo na gita la umeme. Durham alisimulia pia kwamba alikutana na mpiga gita Charlie Christian kule Oklahoma, akamwelekeza. Leo gita la umeme la jazi likitajwa, linatajwa jina la Christian. Ni haki yake, lakini si yake peke yake.

Miaka ya vita aliwaandikia na kuwafundisha wanamuziki wanawake wa International Sweethearts of Rhythm, kisha akaunda okestra yake ya wanawake. Viongozi wengi wa bendi wa enzi hiyo hawakuwapa wanawake nafasi hata ya kujaribiwa.

Mwaka 1958 "Topsy", wimbo alioutunga na Edgar Battle, uliingia kwenye chati za Marekani na kufika nafasi ya 3. Safari hii sifa zilimwendea mpiga ngoma aliyeurekodi, Cozy Cole.

Watangazaji wetu wa redio, nawaomba jambo moja. Mkipiga jazi, na mkipiga dansi la kwetu pia, msiishie kwa kiongozi wa bendi na mwimbaji. Mtajeni na aliyepanga muziki. Durham alipuliza na kupiga hadi uzeeni, akafariki New York mwaka 1987. Anzeni naye, na mwanze na zile rekodi za Machi 1938.