Marubani wa ndege za bei rahisi hawalilii feza tu, wanalilia zamu yao

Kila mara marubani wa kampuni ya Ryanair wanapogoma huko Ulaya, watu wengi wanasema neno moja, na Wacongomani wanaoishi Ubelgiji wanalisema pia: hawa watu wanalipwa vizuri, wanataka nini tena? Msafiri aliyekwama uwanjani na watoto wake ana haki ya kukasirika. Lakini hasira hiyo inaelekezwa pasipo pake. Mgomo wa rubani mara nyingi si juu ya feza peke yake. Ni juu ya kitu ambacho mfanyakazi wa Goma, wa Uvira au wa Lubumbashi anakijua vizuri: nani anapewa likizo, nani anapandishwa cheo, nani anahamishwa mbali na jamaa yake, na ni nani anayekata shauri hilo.

Kwanza ijulikane kampuni yenyewe. Ryanair ni kampuni ya Ayalandi iliyoanza kurusha ndege mwaka 1985, na tangu 1994 mkubwa wake ni Michael O'Leary. Ilijulikana kwa tiketi za bei ya chini sana. Mcongomani wa Matonge, mjini Bruxelles, akitaka kwenda kuona ndugu yake Italia au Uhispania, mara nyingi anateremka mpaka uwanja wa Charleroi kwa sababu tiketi ya pale inalingana na mfuko wake. Hilo ni jema na hakuna anayelipinga. Katika mwaka wa hesabu uliofungwa mwezi wa tatu 2018, kampuni hiyo ilibeba abiria karibu milioni 130 na kupata faida ya euro bilioni 1 na milioni 450. Basi asiseme mtu kwamba feza ilikosekana.

Mwezi wa tisa 2017 kampuni hiyo ilishangaza Ulaya nzima. Ilitangaza kwamba itafuta ndege 40 mpaka 50 kila siku kwa muda wa majuma sita. Kiisha ikaongeza zingine 18,000 za majira ya baridi. Abiria karibu 700,000 waliguswa. Sababu haikuwa vita wala mvua. Wakubwa walikuwa wamepanga vibaya likizo za marubani. Mahesabu ya likizo yalipobadilishwa, marubani wengi walipaswa kupumuzika kwa wakati mmoja, na hapakuwa na watu wa kutosha wa kuwaweka mahali pao.

Hapo kampuni ilifanya nini? Ilitoa bonasi: euro 12,000 kwa rubani mkuu na 6,000 kwa rubani msaidizi, kusudi waache sehemu ya mapumuziko yao na kuruka. Marubani wengi walikataa. Mtu anayewaita wapenda feza aanzie hapa. Wangekuwa wanatafuta feza tu, wangechukua. Walikataa kwa sababu walichokuwa wanadai ni kontra ya kweli, na watu wa kuzungumza kwa jina lao.

Maana kwa miaka mingi marubani wengi wa Ryanair hawakuwa wafanyakazi wa Ryanair. Kwenye karatasi walikuwa watu wa kujitegemea. Rubani alipita kwa kampuni nyingine ya kukodisha watu, akaandikishwa kama mwenye kampuni ndogo huko Ayalandi, na alilipwa kwa saa alizoruka. Ndege isiporuka, hakuna malipo. Akigonjwa, hakuna malipo. Uchunguzi wa chuo kikuu cha Gent, Ubelgiji, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba zaidi ya rubani mmoja kati ya sita katika Ulaya alikuwa na kazi ya namna hiyo isiyo ya kontra ya kawaida na kampuni, na wengi wa waliojiita wa kujitegemea walikuwa wanarushia makampuni ya bei rahisi.

Kila motari wa Bukavu anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Anaendesha pikipiki ya tajiri, kila jioni anapeleka feza iliyopatanwa, akianguka ni shida yake, akigonjwa ni shida yake, lakini watu wanamwambia yeye ni bwana wa kazi yake. Bwana gani huyo asiye na pikipiki, asiye na likizo, na asiyeweza kukataa? Rubani wa kujitegemea naye hana ndege. Nguo ya kazi ni ya kampuni, saa za kuruka zinapangwa na kampuni, uwanja wa kuanzia unachaguliwa na kampuni. Kitu kimoja tu ndicho chake: hasara.

Na anaingia kazini akiwa tayari na deni. Masomo ya urubani huko Ulaya yanafikia euro 100,000 na hata kupita, na mara nyingi kijana analipa mwenyewe pia mafundisho ya aina ya ndege atakayoirusha. Wazazi wengine wanaweka nyumba rehani. Mtu mwenye deni kama hilo, asiye na kontra, atathubutu kumwambia mkubwa wake kwamba leo amechoka na hafai kuruka? Hapo ndipo jambo la mshahara linakuwa jambo la usalama wa abiria.

O'Leary alikuwa na jibu lake. Alisema mara nyingi kwamba rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 18 kwa juma kwa wastani, basi uchovu unatoka wapi? Hesabu hiyo ni ya kweli nusu. Sheria ya Ulaya inaweka mwisho wa saa 900 za kuruka kwa mwaka, na ukigawanya kwa majuma 52 unapata karibu 17 na nusu. Lakini saa za kuruka si saa za kazi. Rubani anafika kabla ya abiria, anasoma hali ya hewa, anakagua ndege, anangoja, anarudi, anaandika. Sheria hiyohiyo inaruhusu mpaka saa 60 za kazi katika siku saba. Ni sawa na kumwambia mwalimu kwamba anafanya kazi tu wakati chaki iko ubaoni.

Tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2017, mbele ya Noeli, kwa kuogopa mgomo, Ryanair ilikubali kwa mara ya kwanza kutambua sendika za marubani. Juma lililofuata marubani wa Ujerumani waligoma kwa saa nne. Mwanzoni mwa 2018 kampuni ilitoa nyongeza za mshahara zilizofikia asilimia 20, na marubani wa Uingereza wakazikubali. Wengi walifikiri mambo yamekwisha. Hayakwisha, na hapa ndipo wanaosema "wanataka feza tu" wanashindwa kueleza.

Mwezi wa saba 2018, marubani wa Ayalandi karibu 100, wote wenye kontra ya moja kwa moja na kampuni, waligoma. Dai lao kubwa halikuwa mshahara. Walitaka utaratibu ulio wazi wa kufuata waliotangulia kazini, ile ambayo maofisini ya Congo inaitwa ansiyenete, katika mambo matatu: likizo, kuhamishwa toka uwanja mmoja mpaka mwingine, na kupandishwa toka rubani msaidizi mpaka rubani mkuu. Walitaka orodha ambayo kila mtu anaiona, na namba ambayo hakuna mkubwa anayeweza kuificha mfukoni.

Kampuni ilijibu kwa kitisho. Tarehe 25 mwezi wa saba, baada ya mgomo wa siku tatu tu, ilitangaza kwamba itapunguza ndege zake za Dublin toka 30 mpaka 24, kupeleka zile zingine Poland, na kwamba kazi za marubani 100 na wahudumu 200 zinaweza kupotea. Ujumbe ulikuwa wazi: ukiuliza zamu yako, utakosa hata kazi. Lakini siku ya Ijumaa tarehe 10 mwezi wa nane, marubani wa Ayalandi, Ujerumani, Ubelgiji, Uswidi na Uholanzi waligoma siku moja. Ndege karibu 400 hazikuruka, na abiria karibu 55,000 walibadilishiwa safari. Kiisha ikaitwa meza ya mazungumuzo na mpatanishi kati, watu wakaa saa 22 mfululizo, na tarehe 23 mwezi wa nane wakapatana. Kile kitisho cha kufukuza watu 300 kikaondolewa. Jambo ambalo kampuni ilisema haliwezekani likawezekana kwa siku moja na usiku mmoja wa kukaa na kusikilizana.

Wako wanaopinga orodha ya waliotangulia, na wana sababu. Wanasema inalinda hata mvivu, kwamba kijana hodari anangojea miaka nyuma ya mzee asiye hodari kama yeye, na kwamba rubani anayehama kampuni anaanza tena chini kabisa, basi anafungwa kama mbuzi kwenye mti. Hayo ni kweli. Katika makampuni makubwa ya Marekani, namba ya rubani ndiyo inaamua ataruka ndege gani, atapumuzika siku gani na atafanya Noeli wapi, na akihama anaipoteza namba hiyo hata kama ameruka miaka 20.

Lakini inafaa kuuliza: kama orodha haipo, kitu gani kinakuja mahali pake? Wakubwa wanasema uwezo. Uwezo wa rubani unapimwa tayari. Kila rubani anapita mitihani mara kwa mara katika mashine ya mazoezi, na anayeshindwa haruki. Kati ya wote waliofaulu, nani apewe uwanja wa karibu na watoto wake? Bila orodha, jibu ni yule anayempendeza mkubwa, yule asiyelalamika, yule asiyeonekana kwenye mkutano wa sendika. Orodha ina makosa, lakini makosa yake yanaonekana na yanaweza kuzungumuziwa. Upendeleo unafanyika ndani ya ofisi na mlango umefungwa.

Wengine wanasema mambo ya namba na sendika ni ya makampuni ya zamani, yataua bei rahisi. Waangalie Southwest ya Marekani, ambayo ndiyo iliyofundisha dunia biashara ya ndege za bei rahisi, na O'Leary mwenyewe alijifunza kwayo. Marubani wake wana sendika tangu 1978 na wanafuata orodha ya waliotangulia. Kampuni hiyo ilipata faida kila mwaka kwa miaka 47 mfululizo, mpaka ugonjwa wa Covid ulipofika. Mwezi wa kwanza 2024 marubani wake walipitisha kontra mpya yenye nyongeza ya karibu asilimia 50 kwa miaka mitano. Ndege ya bei rahisi na rubani mwenye heshima vinaweza kukaa katika nyumba moja. Anayesema hapana anatetea faida ya wenye kampuni. Tiketi ya maskini anaiweka mbele kama ngao tu.

Habari hii haikuishia 2018. Mwaka 2020, Covid ilipofunga viwanja, marubani wa inchi mbalimbali walikubali kupunguziwa mshahara, wengi kwa asilimia 20, ili kazi zisipotee. Walibeba mzigo pamoja na kampuni. Katika mwaka wa hesabu uliofungwa mwezi wa tatu 2023, faida ilikuwa imerudi: euro bilioni 1 na milioni 430. Hata hivyo marubani wa Charleroi walipaswa kugoma mara kadhaa mwaka huo, kudai mshahara wao wa zamani urudishwe na kupinga mabadiliko ya siku zao za kupumuzika. Mzigo wa hasara uligawanywa haraka, lakini faida ilipofika, kugawana kukawa kuzito.

Mcongomani anayesoma habari hizi asifikiri ni mambo ya Wazungu. Congo imejaa waalimu waliofundisha miaka na miaka wakingojea namba ya matrikili, na waliomwona mwengine aliyefika jana akiipata mbele yao kwa sababu ana ndugu katika ofisi. Imejaa wauguzi wanaohamishwa mbali na watoto bila kuambiwa sababu. Wanaolia hivyo hawalilii tu kiasi cha feza. Wanalia kwa sababu hakuna orodha inayobandikwa ukutani, na kila anayeuliza anaonekana mkaidi. Rubani wa Dublin mwenye mshahara mkubwa na mwalimu wa Fizi asiye na mshahara hawafanani katika mfuko. Wanafanana katika swali: kwa nini zamu yangu iko mkononi mwa mtu mmoja?

Basi msafiri wa Charleroi atakapokuta tena ndege yake imefutwa, adai haki yake, maana sheria ya Ulaya inaamuru kampuni imrudishie feza au imtafutie safari nyingine, na inaweza kudaiwa fidia pia. Adai kwa kampuni, ambayo ilikuwa na miezi na miaka ya kupatana na watu wake. Asimtukane aliyekaa mbele ya ndege. Huyo ndiye anayebeba roho za watu 180 na zaidi kwa safari moja, na kila abiria anapaswa kutaka awe amelala vizuri, awe na kontra mkononi, na asiogope kusema siku fulani kwamba leo hataruka.