Kasi Si Ufundi

Wamekosea wanaompima mpiga gitaa kwa kasi ya vidole. Mshairi ajazaye vina pasi na maana, nani humwita malenga? Hata hivyo kijana wa Handeni au Korogwe, akishika gitaa kavu, huhimizwa aende mbio kama sebene la Kongo. Jirani yake, mjini Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz (jazi kwa jina tu, si ile ya Wamarekani) zilivuma kwa magitaa yaliyojibizana, si yaliyokimbizana. Na Kongo yenyewe ilimzaa Mwenda Jean-Bosco: katika wimbo wa Masanga, uliorekodiwa Jadotville mwaka 1952, gumba hushika besi, kidole cha shahada hughani, na msikilizaji huapa kuwa wapigaji ni wawili. Nani aliyewahi kuuliza alikwenda kasi gani?