Tusimlaumu Mwenye Duka

Unga ukikosekana mtaani, wa kwanza kutukanwa ni mwenye duka. "Ameficha!" watu husema. Mimi naona mara nyingi tunamwonea bure.

Hebu tufuate pakiti moja ya unga. Mahindi huvunwa Trans Nzoia, hupakiwa kwenye lori na kuletwa hapa Industrial Area yasagwe. Kutoka kiwandani unga huenda kwa muuzaji wa jumla, kisha mwenye mkokoteni anausukuma hadi vioski vya Mukuru, Kaloleni na Maringo. Huo ndio mnyororo wa ugavi. Shida yake ni kwamba kila mmoja huona tu agizo lililoletwa kwake. Haoni sufuria zetu jikoni.

Tuseme kioski huuza beli 4 kwa wiki. Uvumi ukizuka kwamba bei itapanda, wateja wananunua 6. Mwenye kioski naye anaogopa, anaagiza 8. Wa jumla akiona vioski vyote vimeongeza, anaitisha zaidi ya hapo. Kiwandani wanadhani Nairobi nzima imeanza kula ugali mara mbili, kumbe matumbo ni yale yale! Uvumi ukiisha, unga unajaa ghalani bila mnunuzi. Mtaalamu wa Marekani, Jay Forrester, alieleza mwenendo wa namna hii viwandani mwaka 1961.

Hapa kwetu tuliona mwaka 2017. Ukame ulikuwa umeharibu mavuno, na mwezi wa Mei serikali ikashusha bei ya pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 90. Bei ilikuwa nafuu, lakini rafu nyingi zilibaki tupu, na baadhi ya supamaketi ziliwawekea wateja kikomo cha pakiti. Ni kweli mahindi yalikuwa machache. Lakini hofu nayo ilizidisha uhaba.

Je, anayeumia ni nani? Ni kibarua wa Barabara ya Lunga Lunga. Analipwa jioni, ananunua unga jioni hiyo hiyo. Hana pesa ya kuweka akiba. Mwenye gari akishabeba pakiti kumi asubuhi, watoto wa kibarua wanalala njaa.

Wengine watasema wako wanaoficha kweli. Sikatai. Lakini kioski cha mabati kina nafasi ya beli ngapi, na mwenyewe ana mtaji gani?

Maoni yangu ni haya: wakati wa uhaba, serikali na wenye viwanda watangaze kila wiki mahindi yaliyoko ghalani ni kiasi gani na mengine yatafika lini. Mtu akijua lori liko njiani, hana haja ya kujaza kabati. Nasi nyumbani tununue ya kututosha tu. Haraka haraka haina baraka, na hata kwa unga ni hivyo.